Mlangoni pa Nyumba Tupu

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu huanza juu ya mstari na kuishia chini yake, na yapo maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanataka r au l, maana nyumbani kwetu tunayatamka vyovyote yanavyokuja. Shule niliishia la saba. Naandika polepole, na neno nikilikosea silifuti, kwa sababu nikifuta sana karatasi inatoboka. Mkikwama mahali, someni kwa sauti, mtasikia nilichotaka kusema.

Nataka kueleza habari za dada mmoja. Hatukuzaliwa tumbo moja. Ni dada wa kazini, ila mimi sikuwa na mwingine.

Tulikuwa madalali wa nyumba. Ofisi yetu ipo Rusimbi, hapa Kigoma mjini, chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye benchi, meza ya mzee mwenye ofisi, na ubao wa misumari ukutani. Kwenye misumari hiyo tunatundika funguo za nyumba na vyumba vinavyotafuta wapangaji. Hatuandiki majina. Kila mwenye nyumba akileta ufunguo, mzee humwomba kipande cha kitambaa cha nyumbani kwake, kinafungwa kwenye ufunguo, basi. Wa kitenge cha njano ni wa mama mmoja wa mtaa wa Mwanga mwenye duka la vyombo. Wa kipande cha chandarua ni wa baba mmoja wa Kibirizi anayenunua dagaa. Wa kanga nyekundu iliyopauka ni wa bibi wa Ujiji, na huyo bibi nitamtaja tena.

Mimi nililetwa pale na shangazi ili nifagie. Dada ndiye aliyenitoa kwenye ufagio. Siku moja mteja alikuja peke yake, mwanamume, akataka kuona nyumba iliyo mbali na watu. Dada akanigeukia akasema, "Weka huo ufagio, twende." Njiani akanieleza sheria yake. Hatuingii nyumba tupu peke yetu. Mmoja anaingia na mteja, mwingine anasimama mlangoni, na mlango unabaki wazi mpaka wote watoke. "Wewe huna haja ya kuongea," akaniambia. "Wewe simama tu, uonekane."

Kazi hiyo niliiweza. Kuongea na wageni kunanikausha koo, lakini kusimama naweza. Akawa anaingia, ananadi chumba, mimi nasikiliza sauti yake kutoka mlangoni, na yeye akiwa ndani anajua mgongo wake una mtu. Tukawa hivyo. Watu wa Rusimbi wakituona tunapita walisema, "Hao wanakwenda, mdomo na mlango."

Jambo jingine alilonifundisha ni hodi. Hata nyumba tupu alikuwa anaibishia hodi kabla ya kuingiza ufunguo. Wateja walicheka. Yeye alijibu, "Huwezi kujua nani katangulia." Nadhani alikuwa anatania, ila hakuwahi kuacha, na mimi sijaacha.

Asubuhi tulikuwa tunasalimiana kwa lugha ya nyumbani. Yeye ni mtoto wa watu waliotoka Burundi wakaweka makazi huku, mimi ni Muha, tunasikilizana. Akifika ananiambia "Mwakeye", namjibu, halafu anavua viatu na kuweka miguu juu ya benchi hadi mzee akohoe.

Mteja ninayetaka kumweleza alikuja wakati wa kiangazi, wakati vumbi la njia zetu limekuwa jekundu hadi kwenye majani ya migazi, ile michikichi yetu. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Dada alivitazama, akanitazama, tukajua ni mtu wa kushuka kwenye gari. Alimsalimia mzee shikamoo vizuri kabisa. Akasema amehamishiwa kazi Kigoma, familia itafuata kwa treni, anatafuta nyumba yenye uwanja wa watoto.

Tulimtembeza kwa muda mrefu. Hatujawahi kumtembeza mteja vile. Mwanga aliona nyumba, akasema ni nzuri ila kelele za soko. Kibirizi aliona nyumba, akasema ni nzuri ila harufu ya dagaa. Rusimbi kwenyewe alizunguka mpaka mafundi cherehani wakawa wanatusalimia kwa kurudia. Dada hakuchoka.

"Maji yanatoka hapa?" mteja aliuliza kwenye nyumba moja.

"Yanatoka, kaka. Ila yana ratiba zake, kama bosi."

Akacheka sana. Halafu akanigeukia mimi pale mlangoni. "Na huyu mbona haongei?"

"Huyo anaongea na milango," dada akasema. "Mlango ukiwa na kasoro unamwambia yeye kwanza."

"Ni nani yako?"

"Wetu huyu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa ananitambulisha kwa watu wote. Wetu huyu. Hakuongeza kitu.

Kuna swali moja yule kaka aliuliza tukiwa tunapanda kilima, na nililisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nyuma yao. Aliuliza, "Hawa wenye nyumba wanakufahamu wewe, au wanaifahamu ofisi?"

"Mimi," dada akajibu kwa kujivuna kidogo. "Ofisi wanaikumbuka wakipita na kiu, waombe maji."

Mteja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa chumba akakipenda. Sikujua wakati ule kwamba ndicho kilichotokea.

Mwisho tulimpeleka kwa bibi wa Ujiji. Huyu bibi watu wake walivuka ziwa zamani kutoka upande wa Kongo. Nyumba yake ni ya zamani, ina baraza mbele na uwanja ndani, na upande mmoja ana vyumba vitatu vyenye mlango wao. Watoto wake wametawanyika, na wajukuu anawaona kwenye simu tu. Kila siku alituambia, "Mniletee watu wenye watoto. Sitaki watu wazima peke yao, mtu mzima yupo mmoja hapa na anatosha."

Alimkalisha yule kaka barazani, akamletea chai ya mchaichai.

"Una watoto, mwanangu?"

"Wawili, bibi. Wa kike na wa kiume."

"Wadogo?"

"Wadogo. Yule wa kiume ni mtundu kidogo."

"Mlete! Huyo mtundu ndiye namtaka. Anaitika nani akiitwa?"

Yule kaka akataja jina, bila kusitasita. Bibi akalirudia mara kadhaa, analionja. Tulipoondoka alimwambia atamshikia vyumba, hata akija mwingine. Na kweli walikuja wengine, tuliwapeleka wenyewe, akawakataa. Alimwita fundi wa kupaka chokaa. Alitoa kitanda kidogo kilichokuwa ghalani, akakianika juani, akanituma nimtafutie kamba mpya ya kukisuka. Nilimpelekea kamba, nikamshikia ncha wakati anasuka.

Yule kaka akawa hapigi simu. Dada akawa anapigiwa simu na kutoka nje kuongea. Asubuhi moja alifika, akasema "Mwakeye", hakuvua viatu. Alikaa kidogo, akainuka, akavua mtandio wake akauweka kwenye nafasi yake ya benchi.

"Nakuja," akaniambia.

Ninyi mnajua tunavyosema. Mtu akitoka hasemi nakwenda, anasema nakuja. Anayesema nakuja anatoka chooni, dukani, mahali pa kurudi. Nikamjibu, "Haya." Nikaendelea kumenya machungwa.

Akija mtu kukaa kwenye benchi nilikuwa namwambia, "Hapo pana mtu." Nilisema hivyo siku ile, na kesho yake, na kesho yake tena. Mtandio ulikuwa umekunjwa vilevile. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa.

Waliotuambia alikokwenda ni vijana wa bajaji wanaoegesha mbele ya ofisi. Walikuwa wamemwona dada huko Mwanga, kwenye ofisi mpya ya madalali yenye mlango wa kioo, amevaa shati lenye nembo.

"Mzee, dirisha la usajili limefunguliwa!" mmoja akapiga kelele. "Wamekuchukulia mshambuliaji!"

"Amebaki kipa," mwingine akasema. "Kipa bubu."

"Huyo watamtoa kwa mkopo."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikujua uso wangu ufanye nini. Halafu nikaingia ndani nikauchukua ule mtandio, nikaukunjua, nikaukunja tena.

Dada alinipigia jioni hiyo. Alianza kuongea kabla sijasema haloo, maneno yake yakikimbizana. Kule analipwa mwezi ukiisha, mteja apatikane asipatikane. Mama yake yupo kijijini, macho yanazidi kuwa mabaya. Mtoto wake anaingia sekondari. "Wewe unaijua kazi ya mzee," akasema. "Msimu ukiwa mkavu tunakula ugali na matumaini."

Nilimwelewa, na hata leo namwelewa. Nikamwuliza, "Na mimi?"

Akajibu, "Nilikutaja. Wamesema kule wanakwenda mmoja mmoja. Wawili kwa mteja mmoja wanaona ni hasara."

"Anayesimama mlangoni ni nani?"

"Hakuna, mdogo wangu. Unakwenda tu."

Nikauliza habari za yule kaka na watoto wake, maana bibi alikuwa anangoja.

"Hana watoto," akasema. "Ndiye bosi wa huku."

"Na nyumba zote zile tulizomwonyesha?"

"Alikuwa hatazami nyumba. Alikuwa ananitazama mimi, nafanyaje kazi." Halafu akasema haraka, "Mimi nami sikujua, nakuapia. Aliniambia mwishoni."

Nilimwamini. Lakini nilikuwa nimeshaanza kufikiri jambo jingine. Tulikuwa wawili siku zile zote. Kama alikuwa anatutazama, basi na mimi alinitazama, mlango kwa mlango, Mwanga, Kibirizi, Rusimbi, na akaamua.

"Bibi ameshapaka chokaa," nikasema.

"Najua."

"Utamwambia?"

"Nitamwangaliaje usoni? Mwambie wewe."

Mimi, ambaye muuza mandazi akinirudishia chenji pungufu nashindwa kumwambia.

Kesho yake nilimweleza mzee, nikidhani atamlaani. Alikuwa anafuta funguo kwa mafuta kidogo ya mawese, kama anavyofanya kila wiki zisishike kutu. Aliendelea kufuta.

"Mtu si kiwanja," akasema. "Hana hati, hana mipaka, siwezi kusema ni wangu. Akiona pa kuishi vizuri aende. Hata mimi nilitoka kwa mtu."

"Kwa hiyo hawakukosa, mzee?"

Hapo akaweka ufunguo chini. "Wangebisha hodi. Yule kijana aliketi hapa, kwenye benchi langu, akaniamkia. Angesema, mzee, nina ofisi, namtaka binti huyu, nitamlipa kiasi fulani, ningeumia, ningemwita hapa mbele yake, tungeongea. Ningeshindwa, maana sina cha kumpa, lakini ningeshindwa nikiwa nimekaa kwangu. Yeye ameingia kama mpangaji." Akachukua ufunguo tena. "Na kumdanganya yule bikizee habari za watoto. Hiyo ni biashara gani?"

Nilikwenda Ujiji kwa miguu ili nichelewe kufika. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Bibi alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na mdomo wako?"

"Hapana, bibi. Nimekuja peke yangu." Nikaongeza, "Bibi, yule kaka haji."

"Amepata nyumba nyingine?"

"Hakuwa anatafuta nyumba."

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Alikuwa anamtafuta dada."

Bibi akaacha maharage. Uso wake ukafunguka, akapiga makofi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kumbe posa! Ee Mungu wangu, vijana hawa! Amezunguka mji mzima kumtazama mwanamke, anasingizia vyumba! Angesema tu. Ningewapa hivi hivi vyumba waanzie maisha. Na hao watoto wawili ni wa mke wa kwanza?"

Nilitamani kumwacha hapo. Wallahi nilitamani. Ingekuwa habari nzuri, na yeye angebaki na ile furaha, na mimi ningerudi zangu. Lakini angeanza kuuliza harusi lini. Nikakaa chini karibu na ungo, nikaanza kuchambua naye, nikamweleza nikiwa natazama maharage. Kwamba si posa. Kwamba ni kazi. Kwamba ofisi ya Mwanga ilimtaka, wakamtuma mtu amjaribu. Kwamba watoto hawapo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yule mtundu naye hayupo?"

"Hayupo, bibi."

"Lakini alinitajia jina lake."

Tukachambua yale maharage mpaka yakaisha. Halafu akainuka, akaingia ule upande wa wapangaji, akatoka anakiburuta kile kitanda kidogo. Nikamsaidia kukirudisha ghalani. Kamba ilikuwa bado nyeupe.

"Hata posa," akasema tukiwa tunafunga ghala, "watu wanatuma mshenga. Wanakaa, wanasema wamekuja kufuata nini."

Baada ya hapo wenye nyumba walianza kuja kuchukua funguo zao. Ofisi ile ilimwambia dada awalete, nao walimpenda. Mama wa Mwanga alikuja, baba wa Kibirizi akatuma mtu. Mzee hakumkatalia hata mmoja. "Mpe," alikuwa ananiambia, "mlango ni wake." Natundua ufunguo, nakabidhi pamoja na kitambaa chake. Misumari ikaanza kuonekana ukutani.

Siku aliyokuja bibi wa Ujiji, aliingia ananitazama pembeni. "Mwenzako alikuja kwangu," akasema. "Alilia, mjukuu wangu. Alinipigia magoti, akasema ana mpangaji kweli, wa kweli kabisa. Nifanyeje? Vyumba vinalala. Wewe umekasirika?"

"Hapana, bibi."

"Basi nisindikize, nimechoka."

Nikatundua kanga nyekundu, nikamsindikiza.

Dada alikuwa amesimama nje ya ule mlango wa pembeni, na shati lake lenye nembo, pamoja na mwanamume mwenye mkoba. Amenenepa kidogo, amependeza. Alipotuona tabasamu lilimjia, halafu likasita katikati. Bibi akampa ufunguo. Kitambaa changu, maana mimi ndiye niliyekifunga, kikawa kinaning'inia mkononi mwake.

Yule mteja akanitazama. "Na huyu?"

Nilingoja. Niseme ukweli, nililingoja lile neno kama mtu anavyongoja kuitwa zamu yake hospitali.

"Huyu ni wa ofisi nyingine," dada akasema.

Hakusema kwa ubaya. Aliongea kama mtu anayesoma kibao. Kisha akaugeukia mlango, akabisha. "Hodi," akasema, taratibu, kwenye vyumba vitupu. Akafungua, akaingia, na mwanamume akaingia nyuma yake. Bibi alikuwa ameshakwenda barazani kukaa.

Nilikuwa nimemaliza kazi yangu pale. Ufunguo umefika. Ningeweza kuondoka, na pengine mtu mwenye akili zaidi angeondoka. Lakini nikaona mlango unaanza kujifunga kwa upepo wa ziwani, nikauzuia kwa mguu, na mguu ulipokuwa pale, nikasimama. Mgongo wangu nikauweka kwenye fremu, kama siku zote. Ndani nilimsikia anasema, "Maji yanatoka, kaka, ila yana ratiba zake." Mteja hakucheka.

Nilisimama mpaka wakatoka.

Dada alitoka wa mwisho, akanikuta. Alisimama kidogo mbele yangu na ufunguo mkononi. Macho yake yalijaa, akayafinya. Mteja alikuwa ameshafika barabarani anaita bajaji.

"Ulikuwepo muda wote?" akaniuliza chini chini.

"Nilikuwepo."

Akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akakaza, akaachia. Bajaji ikapiga honi. Akafunga mlango, akatembea, akageuka.

"Nakuja," akasema.

Sikuweza kusema haya.

Sasa ni msimu mwingine. Mtandio wake bado upo kwenye benchi, na wateja wanaukalia, sisemi kitu. Funguo zimebaki chache. Mzee miguu inamsumbua, kwa hiyo nakwenda mwenyewe. Nabisha hodi, nafungua madirisha yote, natoka, halafu namwambia mteja aingie atazame akiwa peke yake, mimi nimngoje nje. Wengine wanashangaa, wanasema dalali gani haingii kunadi nyumba. Nawaambia ndiyo utaratibu wetu. Nasema wetu, ingawa hakuna mwingine.

Kuna jambo linanizunguka kichwani na sina wa kumwuliza, ndiyo maana nimeandika. Dada hakuiba kitu. Ofisi ile inalipa vizuri, na kila mtu ana haki ya kula. Mzee mwenyewe anasema hivyo. Sasa kilichochukuliwa ni nini, na kilichukuliwa na nani, mbona naona pengo kila nikishika kitasa cha mlango?

Kama na wewe umewahi kuachwa kazini na mtu wako, au wewe ndiye uliyevutwa ukaenda, naomba uniandikie. Niambie ulimwambia nini uliyemwacha, au ulitamani kuambiwa nini. Usijali mwandiko wako ukiwa mbaya, wala usijali maneno yakiwa marefu. Kusoma nako nasoma polepole, nitayafikia yote.